Skola, Kabla Hujatoboa Ulimi Tena

Mwanangu Skola,

Jana uliponipigia nilikuwa kwenye jaruba la mpunga, matope mpaka magotini. Nikasema, "Sawa mama, tutaongea," nikakata. Nilikata kwa sababu sikutaka usikie woga kwenye sauti yangu. Umeniambia huko Tabora umempata dada anayetoboa vizuri, anavaa glavu, sindano zake zinatoka kwenye pakiti, na Jumamosi unaenda akutoboe ulimi. Umesema safari hii umeniambia mapema. Basi na mimi nimekaa nikuandikie. Shule yangu unajua iliishia wapi, kwa hiyo penye makosa pita tu. Nikimaliza nitaipiga picha nikurushie, halafu nitawasomea na wamama wa jumuiya, maana na wao wana mabinti na vipini vya ulimi vimeingia mpaka huku kwetu.

Wewe unasema yale ya kwanza yaliisha. Kwako labda. Mimi na wewe hatujawahi kukaa tukayazungumza, tuliyaruka tu kama mtu anavyoruka dimbwi.

Ulikuwa ni wakati wa kupura mpunga. Wewe ulikuwa unajifunza kusuka kwenye ile saluni ya kule Shanwe, jioni bodaboda anakurudisha nyumbani Mwamkulu ukiwa unanukia mafuta ya nywele. Jumapili ile tulienda kanisani wote. Wakati wa komunyo nikasimama kwenye mstari nikijua uko mgongoni kwangu. Kugeuka, umekaa kwenye benchi, umeinama, kitambaa kimeziba mdomo. Wewe ambaye hukuwahi kukosa kukomunika tangu gauni jeupe la komunyo ya kwanza! Jirani yetu Mama Pili akanifinya kiuno. Tulipotoka nje akasema, "Mama Skola, tafuta nepi, mjukuu anakuja." Akacheka peke yake. Mimi njia nzima nilikuwa nawapitisha kichwani vijana wote wa pale senta, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja niliyempenda.

Nyumbani nikakuuliza, "Skola, kuna jambo?" Ukatikisa kichwa. Nikauliza tena, ukasema, "Hamna," lakini ile hamna ilitoka kama ya mtu aliyeng'ata kiazi cha moto. Nilikuwa nimepika samaki, migebuka, mboga yako. Ukachovya kidole kwenye mchuzi, ukaramba, machozi yakakutoka, ukasema pilipili. Sikuweka pilipili, Skola. Maji ulikuwa unanywa umeinua kichwa juu kama kuku.

Kesho yake chini ya kidevu pakawa pamevimba. Mate yakawa yanatoka yenyewe, maneno hakuna. Nikikwambia fungua mdomo nione, unageukia ukutani. Na mimi, Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Nikasema ahaa, kumbe siyo mimba, ni kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kimerefuka, ndiyo maana hali, haongei, anakoroma. Mimi mwenyewe nilikatwa kimeo nikiwa mdogo, mama yangu alinishika kichwa, na wote tuliokatwa tuliambiwa ndiyo tumepona. Ningewaza kitu gani kingine? Chuma ndani ya mdomo wa mtoto wangu? Wazo hilo ningelitoa wapi?

Nikamwita mzee wa kimeo. Akaja na baiskeli yake, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, dawa ya majani kwenye kichupa. Baba yako alikuwa kwenye mpunga. Ulipomwona yule mzee anakiosha kisu kwa maji ya moto ulirudi nyuma mpaka ukagonga kabati. Tukakushika. Mama Pili kashika miguu, mimi nimekukumbatia kichwa hapa kifuani, nasema, "Tulia mama, ni mara moja tu, tulia." Meno umeyabana. Pua inapiga filimbi. Macho yako yalikuwa yananiangalia mimi, siyo kisu. Yale macho mpaka leo ninayo.

Mzee akachukua mpini wa kijiko, akapenyeza pembeni ya meno. Ikalia. Kitu cha chuma kwa chuma. Akatoa, akapenyeza tena, ikalia tena. Akaacha kijiko, akanitazama.

"Mama Skola, humu ndani kuna nati."

"Nati ya nini baba?"

"Mimi nakata nyama. Vyuma mpelekeeni fundi baiskeli."

Mama Pili akaachia miguu. Na wewe ndiyo ukafungua mdomo, mwenyewe, bila mtu kukulazimisha, ukiwa unalia. Ulimi ulikuwa umejaa mdomo wote, rangi kama ini, na katikati kile kipini kimezama, kinaonekana kidogo tu kama jicho la samaki. Harufu ikanijia. Yule mzee hakusema tena utani. Alikifunga kisu chake haraka, akasema, "Hospitali. Sasa hivi. Huyu anabanwa pumzi."

Bodaboda ilitubeba watatu, wewe katikati. Mdomo wako ulikuwa kwenye bega la dereva na mimi sikio langu nimeliweka mgongoni kwako. Kila pumzi naisikia inavyovutwa, kama mtu anaburuta gunia kwenye sakafu. Tukifika kwenye tuta inakata. Nasubiri. Inarudi. Nilikuwa nampiga dereva mgongoni, mkono umepita ubavuni kwako, "Ongeza baba, ongeza!" Na yeye anasema, "Mama nikiongeza tutaanguka wote." Sikuomba rozari wala nini, nilikuwa nasema jina lako tu. Skola. Skola. Kama vile ukiitwa huwezi kuondoka.

Nesi alikuwa binti mdogo, labda anakuzidi kidogo. Nilipomwambia kwamba tulitaka kukukata kimeo alisimama na sindano mkononi. "Mama, mngemkata na uvimbe huu damu ingeingia kwenye njia ya hewa. Mngemleta hapa amefunikwa." Halafu akawa mpole, akaniambia nikushike mkono. Kile kipini kilikuwa kifupi, ulimi ulipovimba ukakimeza. Walivyokuwa wanakitoa ulinibana vidole mpaka vikafa ganzi, na mimi nikawa nashukuru, maana mwenye kubana ni mzima.

Ulipoanza kupata sauti, nesi alikuuliza nani alikutoboa. Ukasema ni mwenzako wa saluni, kwa sindano ya kushonea nywele, mlikuwa mnacheka. Akauliza, "Sasa kwa nini hukumwambia mama yako siku ya kwanza?"

Ukasema, "Nilimwogopa."

Nilikuwa nimesimama hapo na kikombe cha maji ya chumvi. Skola, kijiji kilisema mengi baada ya hapo. Wengine walikuita mhuni, wengine wakasema ni alama ya mashetani, Mama Pili akawanyamazisha kwa mdomo wake unaoujua. Hayo yote hayakunigusa. Lilinigusa hilo neno moja. Mwanangu aliona bora abanwe koo kuliko kunionyesha ulimi. Baba yako jioni ile alipotufuata kutoka shambani hakugomba, aliuliza tu, "Amekula?" Nikatamani siku hiyo na mimi ningeanza na swali kama hilo.

Sasa umekuwa mtu mzima, una chumba chako, una wateja wako wa kusuka. Siwezi kukufungia mlango. Nilikwambia jana sawa, lakini siyo sawa. Usiku sikulala, na leo nimesimama mbele ya kioo nikatoa ulimi nje nikauangalia kila upande, nitafute huo uzuri wa kuweka chuma. Sijauona. Baba yako kanikuta hivyo, akauliza kama naumwa. Nikamweleza. Akasema, "Mwambie asitoboe." Nikamwambia, "Nikimwambia asitoboe atatoboa, halafu hatapiga simu." Kachukua jembe lake katoka.

Ndiyo hapo nilipo, mama. Nikikukataza nakukosa, nikinyamaza naogopa nitakukosa vilevile. Jumamosi nikiwa huku Mwamkulu, simu ikichelewa kidogo tu, mimi nitakufa kabla yako.

Kwa hiyo nakuja. Treni ya wiki hii napanda, nimeshamuaga baba yako aliporudi, kagomba kidogo halafu kaenda mwenyewe kuniulizia nafasi. Usije ukasema usumbufu. Nitaingia na wewe mpaka kwa huyo dada, nimwone uso, nimuulize kipini chake kina urefu gani, anicheke akitaka. Ukibadili mawazo pale mlangoni tutarudi zetu na sitasema lolote. Ukiingia, nitakaa nje kwenye benchi. Na asubuhi yake, na asubuhi inayofuata, utanionyesha ulimi na mimi nitauangalia, na nikiona umevimba nitakubeba mwenyewe.

Unga wa ulezi nimeshasaga, uko kwenye begi. Ni wa uji. Siku za kwanza chakula kigumu hutaweza.

Nisubiri stesheni.

Mimi niliyekuzaa,
Mama yako