Vipandio Kumi na Saba Bila Ukuta

Nam Định, 6 Machi 2016

Mwanangu Thục,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitatu. Barua zako mbili zilifika, na kutojibu barua ni utovu wa adabu hata mkosaji akiwa baba. Natumaini wewe na mumeo hamjambo huko Cần Thơ. Mimi ni mzima wa kutosha.

Nimeusoma ushauri wako. Tangu nyumba ya kona iungue, unataka ngazi yetu izungushiwe ukuta na kutiwa mlango chini, ili moto ukitokea moshi usinipandie chumbani. Jibu langu ni hapana. Nyumba hii ina upana wa mita tatu. Mwanga wote tulio nao huingia kwa kile kioo cha paani na kushuka kipandio kwa kipandio hadi mezani pangu. Ukiuziba, utakuwa umenizika kabla ya siku yangu.

Tena ngazi hii ni ya marehemu mama yako. Alisimama na mafundi akihesabu kwa desturi yetu, kila kipandio na neno lake: kuzaliwa, kuzeeka, kuugua, kufa, kisha kuzaliwa tena, hata kipandio cha kumi na saba, cha juu kabisa, kikaangukia kuzaliwa, ambako ndiko kwenye heri. Sitaigusa.

Ni mimi,
Baba yako

Cần Thơ, 17 Machi 2016

Shikamoo Baba,

Sisi ni wazima, joto tu linatukaanga. Lakini "mzima wa kutosha" ndiyo nini? Nilimpigia simu Mama Nhàn, muuza uji wako wa mlangoni. Akaniambia, "Kwani Mwalimu hajakwambia? Alianguka mwezi wa kumi na mbili! Nilimkuta juu ya ngazi kama gunia la mchele, mguu umevunjika."

Miezi mitatu, Baba!

Na Mzee Tạo wa nyumba ya kona, mliyecheza naye sataranji miaka thelathini, hakuuawa na moto. Moto uliishia jikoni. Moshi ndio uliomfuata kitandani, kwa ngazi iliyo wazi kama yako.

Fundi Quyền atakuja tarehe mbili Aprili na matofali yake. Ukimkatalia, nitakuja kukuchukua uishi kwetu, na nyumba tutaifunga. Chagua.

Mwanao,
Thục

Nam Định, 5 Aprili 2016

Mwanangu Thục,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na hasira zimepungua. Mfupa umeshaunga. Sikukuandikia kwa kuwa nilijua utaandika hayo uliyoyaandika.

Ila Mama Nhàn amekupa nusu ya habari. Nilipoanguka, nani alinisikia? Yeye, akiwa barazani, anapakua uji. Sauti yangu iliteremka kwa ngazi hiyohiyo unayotaka kuiziba. Kungekuwa na ukuta na mlango, pengine ningekuwa nimelala pale hadi leo.

Fundi wako alikuja. Kwanza akajenga kizingiti cha saruji chini ya ngazi, mlango upate kukalia. Kilipokauka nilipanda nikihesabu kwa fimbo.

"Fundi, sasa ni vingapi?"

"Kizingiti si kipandio, Mwalimu."

"Mguu wangu umekikanyaga, haukukikanyaga?"

"Umekikanyaga."

"Basi kimehesabiwa. Kumi na nane. Umenipeleka kwenye kuzeeka."

Mama Nhàn akadakia kutoka nje, "Kwani huko hajafika siku nyingi?"

Quyền alikibomoa mbele ya macho yangu, akaondoka na matofali yake. Sihami, na ngazi haizibwi. Ukija kunichukua, njoo na watu wa kunibeba, na uwaonye kwamba nang'ata.

Ni mimi, nisiyehama,
Baba yako

Cần Thơ, 14 Aprili 2016

Shikamoo Baba,

Leo sina salamu ndefu. Kizingiti ni kosa letu. Mlango unaweza kukaa bila hicho. Lakini wewe hesabu vipandio upendavyo, moshi hauhesabu. Tangu Mama afariki, kila simu kutoka Nam Định naiona ya msiba kabla sijaipokea.

Nakuomba jambo moja tu. Quyền apigilie plaiwudi na mlango mwepesi mahali pa ukuta. Kaa navyo siku saba, kisha uniandikie ukweli. Ulitukataza uongo hata ule wa kutufaa.

Mwanao,
Thục

Nam Định, 29 Mei 2016

Mwanangu Thục,

Wiki sita bila neno, na safari hii sikuvunjika kitu. Nisamehe. Mumeo hajambo? Kikohozi chake kimepona?

Quyền alizipigilia mbao zako, nikakaa nazo siku saba kamili. Chakula cha mchana nilikila kwa taa. Nikiwa juu nilimwita Mama Nhàn mara nne; alisikia mara moja, akadhani ni paka. Siku ya tatu nilishika nyundo nizing'oe zile mbao.

Siku ya tano upepo ulirudisha ndani moshi wa jiko la makaa la Mama Nhàn, chumba cha chini kikajaa, mwenyewe akakimbilia uchochoroni akikohoa. Mimi nilikuwa juu, mbele ya madhabahu ya kumkumbukia mama yako, na mlango wa chini umefungwa. Sikunusa kitu. Nilipoteremka na kufungua, nilirudi nyuma, nikaketi kipandio cha pili nikimfikiria Tạo. Ulitaka ukweli. Ndio huo, na sikuupenda.

Basi nilirusha sarafu mbili sahanini mbele ya picha ya mama yako, nikauliza: tuizibe? Nyuso zikitofautiana, amekubali; lakini zote zikaonyesha uso mmoja. Nikarusha tena, vilevile. Unajua maana yake: anacheka, hajibu. Labda kwa sababu niliuliza kwa sauti ya ugomvi. Desturi ni mirusho mitatu; umebaki mmoja, nami sitaurusha. Kumbukumbu ya kifo chake ni mwezi ujao. Njoo uurushe wewe, na upande ukihesabu.

Plaiwudi bado ipo. Mlango nauacha wazi mchana, naufunga nikienda kulala. Usithubutu kuuita huo uamuzi. Uamuzi ukipatikana nitakuandikia siku hiyohiyo, kwa mkono wangu, hata kama utakuwa umeketi ubavuni pangu ukimenya vitunguu.

Ni mimi,
Baba yako