Ukuta wa Nyuma wa Banda

Shangazi Domitila,

Sijamwambia mtu: nilikosea kuchora ramani ya banda la alpaka, mifugo yetu ya sufu. Ukuta wa nyuma nimeuegemeza mlimani. Kabla ya kujenga tulimfukia Mama Ardhi sadaka ya majani ya koka, lakini mfereji wa kutoa maji nyuma ya ukuta niliusahau. Mvua imenyesha tangu asubuhi na ukuta umevimba. Nimeugusa, nikaogopa.

Baba anawatambia majirani: “Binti yangu kasoma Kikechua na Kihispania, na banda hili kalichora yeye. Alpaka wangu sasa wanalala hotelini, nyie endeleeni na mawe yenu.” Usiku huu atalala bandani na majike wenye mimba. Aibu imenifunga mdomo.

Anakuja, nasikia viatu vyake. “Nayda, blanketi langu liko wapi?”

Nilikuwa nimeificha karatasi hii chini ya mto wa kitanda; sasa nimeitoa. Nitamsomea kabla hajalichukua blanketi.

Nayda