Sahani ya Halua ya Ukumbi

Nyuma ya Ukumbi wa Bustani,
Timbwani, Likoni,
Mombasa.
29 Aprili 1991
(Mfungo Mosi, siku ya 14)

Mpendwa ndugu yangu Faki,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, mkeo na watoto, hapo Maskati. Tangu vita vya huko Ghuba vianze redio yetu haikupumzika. Watu walituambia Maskati iko mbali na mabomu, lakini nani wa kuiamini ramani ya mtu ambaye hata Malindi hajafika? Alhamdulillahi yamekwisha. Je, lile jino lililokutesa mwaka jana limeng'olewa, au bado wamkimbia daktari kama ulivyomkimbia ngariba?

Sisi huku tu wazima wa mwili. Masika yameanza kwa fujo, na paa letu lavuja pale pale lilipokuwa likivuja ulipoondoka. Mama yako, Mama Mdogo wangu, ni mzima. Anakula na analala. Nimelitanguliza hilo ili usome yanayofuata bila kushtuka, maana barua hii si ya furaha, na mkosa ni mimi.

Wajua huu ni mwaka wa nne mimi ni mmoja wa watu watatu wanaopanga msimu wa muziki hapa ukumbini. Mwenyekiti ni Mzee Mbarak, muuza mbao. Wa pili ni Kenga, fundi wa reli kule Changamwe, ambaye azijua bendi zote za dansi na ugomvi wa kila moja. Mimi ni wa taarabu, na wa kuwasemea wanawake.

Kila Shaabani twakaa mbele ya kalenda na penseli. Watu hudhani twachagua nyimbo. Hatuchagui nyimbo, twachagua siku. Jumamosi za mwisho wa mwezi ni za bendi za dansi, kwa sababu watu wa bandari na reli wamelipwa. Za katikati ni za taarabu, maana mwanamke wa Likoni akitaka kwenda kusikiliza mafumbo hangoji mshahara wa mtu. Wakati wa masika twaweka vikundi vya huku huku, tusije tukamngoja mpiga ngoma aliyekwama upande wa pili wa feri. Agosti ni ya ngoma ya sengenya. Mfungo Sita twauacha mtupu kwa maulidi.

Lakini siku nzito kuliko zote ni ile ya kwanza, Jumamosi ya baada ya Idi. Ukumbi ukijaa siku hiyo, watu husema msimu una heri. Usipojaa, mwaka mzima huchechemea. Na tangu ukumbi uezekwe mabati, wewe mwenyewe ukiwa mtoto wa chuo cha Kurani, siku hiyo imekuwa ya Bi Mwanarehema, mama yako.

Faki, mwaka jana walikuja watu arobaini. Mama Mdogo aliimba, na sauti bado anayo, wallahi sikudanganyi, ila vijana walitoka nje mmoja mmoja kama watu wanaokwenda kutazama mvua. Mwenye ukumbi ametutumia neno mwaka huu: viti vikikaa vitupu tena, ataligeuza jumba kuwa ghala la saruji. Hapo ndipo Kenga alipomtaja Kafedha, msichana wa Mtongwe mwenye kikundi kipya na kinanda cha umeme.

"Dada Johari," akaniambia, "viti havina adabu. Vikiwa vitupu vyasema tu."

Mzee Mbarak akainamia tasbihi yake. Tukapiga kura. Kenga aliinua mkono, na mkono wa pili ulikuwa wangu. Sikulazimishwa na mtu. Niliufikiria ukumbi uliojaa mifuko ya saruji, nikauinua mkono.

Nikapewa kazi ya kwenda kumwambia Mama Mdogo. Ilikuwa haki, mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikwenda siku mbili kabla ya kufunga, zile siku ambazo watu huzunguka kwa wakubwa wao kutaka radhi. Na nani aingie kwa mkubwa wake siku hizo mkono mtupu? Nilipita kwa muuza halua, nikanunua nzuri ya iliki, nikaiweka kwenye sahani, nikaifunika kawa. Nilijiambia nitalitia neno chungu juu ya kitu kitamu. Akili yangu yote ilikuwa kwenye maneno nitakayoyasema. Mkononi nimebeba nini, sikufikiri.

Nawe wajua ukumbi huu haualiki mtu kwa karatasi. Mwimbaji wa kufungua msimu hualikwa kwa sahani ya halua iliyofunikwa kawa, iletwayo na mtu wa kamati mwisho wa Shaabani. Ndivyo ilivyo tangu zamani, na miaka mitatu mfululizo mletaji alikuwa mimi.

Mama Mdogo alifunua kawa, akapiga kigelegele mwenyewe, hakungoja wa kumpigia.

"Ndooni muone!" akawaita majirani. "Ukumbi haujanisahau! Nami nilikuwa nishaanza kusema moyoni, mwaka huu hawaji."

Wakaja. Kahawa ikawekwa. Maneno yangu yote niliyoyapanga nikayameza pamoja na halua. Ndiyo, niliila. Nilikula mpaka sahani ikaisha, na majirani wakanipongeza kwa kumjali mama yangu.

Nilipowaambia wenzangu, Kenga alisema tumpe wimbo mmoja katikati, Kafedha apumzike. Ningelikubali. Lakini Mzee Mbarak alikataa katakata. "Bi Mwanarehema si kiraka cha kubandikwa katikati ya nguo ya mtu," akasema. "Afungue, au aambiwe. Rudi ukamwambie, Johari." Tazama heshima yetu, ndugu yangu, ilivyotukaba shingo.

Sikurudi. Nilisema nitamwambia kumi la kwanza la Ramadhani, kisha kumi la pili, kisha nani atamvunja mtu moyo katika kumi la mwisho? Ramadhani nzima hakuimba, kwa heshima ya funga, ila alikuwa akitunga. Kila nikienda kufuturu nilimkuta akihesabu mizani kwa vidole. Alimtuma mtu mpaka Mjambere kumwita Mzee Khatibu, mpiga fidla wake wa zamani, ambaye miaka sita hajagusa waya. Siku ya Idi nilipokwenda kumpa mkono, alinionyesha gauni la hariri alilolishona upya kiunoni, kwa kuwa amepungua. Nikalisifu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumamosi, tarehe ishirini, tulifungua baada ya alasiri ili watu wa kisiwani wasihangaike na feri. Mvua ilinyesha, na bado walikuja mpaka tukaazima mabenchi ya chuoni. Nje palikuwa na ubao ulioandikwa jina la Kafedha kwa rangi nyekundu. Mama yako asoma herufi za Kiarabu tu, akaupita ubao huo kama anavyopita ukuta wowote.

Nilikuwa mlangoni. Mzee Khatibu alimfuata nyuma, fidla ameivingirisha kwenye nailoni.

"Nikae wapi, mwanangu, mpaka niitwe?" Mama Mdogo akaniuliza.

Hapo bado ilikuwapo nafasi. Neno moja tu, ningemvuta pembeni. Badala yake nikamwongoza mpaka kiti cha mbele kabisa, nikakipangusa kwa leso yangu, nikarudi mlangoni. Kwa kumuonea haya, nilimweka mahali ambapo ukumbi mzima ungemwona.

Pazia likafunguliwa, Kafedha akatoka na kinanda chake. Wa kwanza kufahamu alikuwa Mzee Khatibu. Alikuwa ameanza kuikunjua nailoni, akaikunja tena polepole na kuisukuma fidla chini ya kiti. Mama Mdogo hakugeuka. Nilimwona kisogo tu, na ushungi wake haukutikisika. Watu waliokuwa karibu naye waliacha kupiga makofi, wakaanza kumtazama yeye.

Wimbo wa kwanza ulipokwisha alisimama. Nikadhani atapanda jukwaani kudai haki yake, na Mungu anisamehe, nilitamani afanye hivyo. Alipanda, akamtunza yule msichana noti mbele ya watu wote kama mkubwa anavyomtunza mwanagenzi, akamshika kidevu, akashuka. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na si kwa ajili ya Kafedha. Aliponifikia mlangoni nilimpa mwavuli. Hakuupokea.

"Umejaa, alhamdulillahi," akasema, akatoka mvuani.

Kenga ana furaha. Mwenye ukumbi hajataja saruji tena, na Jumamosi mbili zijazo tayari watu waniulizia viti. Kazi tuliyokusudia tumeifanya, nami siioni ladha yake. Nimemwambia Mzee Mbarak kwamba mwakani kalenda waitazame wawili. Akanijibu kwamba si kalenda iliyokosa.

Siku nane sikwenda kwa Mama Mdogo. Nilijificha, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili. Jana akaniita. Nilikwenda nikijua atanitukana, na nilikuwa tayari, hata nilikuwa na hamu. Nilimkuta ameweka mezani karatasi na kalamu.

"Kaa," akasema. "Nataka kumwandikia Faki habari za ufunguzi."

Akasema, nikaandika. Alisema ukumbi ulijaa mpaka mabenchi yakaazimwa. Alisema aliingia na gauni la hariri, na fidla ya Mzee Khatibu ikalia mpaka watu wazima wakapangusa macho. Alisema aliimba utungo mpya aliokutungia wewe, beti nane. Akazitaja zote nane, moja baada ya moja, nami nikaziandika. Alisema alitunzwa na watu wakasimama. Alikuwa akinitazama usoni muda wote, hakupepesa, wala sauti yake haikupanda. Kisha akanitaka nimsomee kuanzia mwanzo. Nikamsomea. Akatia sahihi yake.

Barua hiyo imo ndani ya bahasha hii hii. Isome, usiitupe, maana beti zile ni nzuri kuliko zote alizowahi kutunga, na wewe ndiwe mtu wa kwanza kutumiwa. Lakini sikuweza kukuacha uamini uongo kwa mwandiko wangu, ndiyo sababu nimekaa usiku wa leo kukuandikia yangu. Usimsahihishe. Kama kuna hasira, na lazima iwepo, yote nitumie mimi.

Mzee Khatibu akusalimu, amerudi Mjambere na fidla yake. Mzee Mbarak akusalimu sana. Wanangu Mwanasiti na Jumaa wakupa mkono. Msalimie mkeo, uwabusu watoto. Mama Mdogo sikumwambia kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake zimo katika ile yake tu. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali, akurejeshe kwetu ukiwa na nguvu zako.

Nina ombi moja. Utakapomjibu, mpe hongera kwa kufungua msimu, tena umpe kwa maneno mengi. Jua tu kwamba barua yako nitamsomea mimi, kwa sauti, naye atakuwa ananitazama.

Wako akupendaye, asiyestahili leo kuitwa hivyo,
Dadako Johari