Mikono Mitupu Kutoka Kitale

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Bungoma mvua imeshika na mahindi yamesimama vizuri. Babu yako bado yuko kitandani, na anakataa hata uji.

Unasema London hadi Nairobi ni masaa tisa tu kwa ndege, kwa hivyo unauliza kama unaweza kumaliza kununua zawadi kwanza, ndipo uje kumwona.

Nilipokuwa nimeolewa Kitale, niliitwa kwa baba yangu mgonjwa. Binti aliyeolewa haendi kwao mikono mitupu, basi nikaanza kufukuza kuku uani. Mama mkwe akanishika mkono. "Wewe! Gari linaondoka. Wacha huyo kuku!"

Baba alipapasa mikono yangu mitupu, akasema, "Umekuja." Hakuona asubuhi.

Leo ndege imepita juu ya nyumba. Babu yako ameniambia nifungue mlango.

Nyanya yako