Mafiga ya Nyangi Yako Chini ya Bafu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada unijue mimi ni nani. Mimi ni Kisyeri wa Kemambo, mtu wa kwanza huku kwetu kuwa na bafu la simenti, na nimelijenga kwa mikono yangu miwili. Hapana, hapo nimetia chumvi. Bafu kalijenga fundi Simioni, mimi nilikaa kwenye kigoda nikimkosoa, na aliyetangulia kuwa na bafu la namna hiyo ni katekista wetu, ila la katekista lina ufa. Marahaba, maana najua utaniamkia, nina miaka sitini na kitu na meno tisa.

Shida yangu ni hii, kijana wetu Hezekia, ambaye ni karani Musoma, aliandika kwamba baada ya mavuno atatuletea wakwe zake, watu waliozoea kuoga ndani ya kuta na kupika wamesimama, akatuma mabati na mifuko ya simenti, basi mimi nikangoja mke wangu Nyangi avuke mto Mara aende kwao Kenyamonta kumwona dada yake mgonjwa, nikasema akirudi atakuta maajabu. Aliniachia neno moja tu, nisiache moto wake uzime. Kabla hajafika mtoni nilikuwa nimeshaumwagia maji. Tukabomoa jiko la zamani na masizi yake, tukainua jipya la matofali lenye bomba la moshi, na kando yake bafu, na Simioni alipopungukiwa mawe ya kujaza chini ya sakafu ya bafu nikamwambia yale pale, matatu, yanakaa bure, chukua.

Yale yalikuwa mafiga yake. Mwaka alipopewa nyumba yake, mama yangu alikwenda naye mtoni, wakayachagua wakayabeba kichwani, na juu yake amepika miaka thelathini na minane, uji wa watoto wetu sita, na wa yule wa saba ambaye hakuumaliza. Hayo yote nilikuwa nayajua, mshauri. Usinisaidie kwa kusema sikujua.

Akarudi, akalitazama jiko jipya, akauliza mawe yake yako wapi. Mdomo wangu haujui kukaa, nikamwingiza bafuni nikamwambia vua kanga uoge, mama Hezekia, unayakanyaga. Nikacheka, na Simioni akacheka. Nyangi hakupiga kelele. Alitoka mle akasema, “Kisyeri, ungeniambia tu niondoke. Ningekwenda na mawe yangu.” Akachukua ungo wake, akarudi njia ile ile.

Huku kwetu mwanamume aliyemchoka mkewe huyatupa nje mafiga yake, wala hana haja ya kusema neno. Mimi sikumchoka. Lakini nani atanisikia, na mawe yenyewe yako chini ya maji machafu ya watu walio uchi?

Huu ni mwezi wa tatu. Lile bomba halijatoa moshi hata siku moja, na wanawake wa jirani wakipita hulitazama, kisha hunitazama mimi. Nakula viazi vitamu vya kuchoma, upande mbichi upande mkaa. Bafuni niliingia mara moja na ndoo yangu, nikasimama, nikashindwa kujimwagia. Hezekia nimemwandikia asilete mtu. Nimefikiri nimpelekee Nyangi mbuzi, nimefikiri niwatume wazee, nimefikiri nife tu, ila hata hapo, nani atawapikia waombolezaji? Nishauri.

Kisyeri, Kemambo

*

Mzee Kisyeri, shikamoo. Marahaba ulishaitoa, kwa hiyo heshima tumemaliza, sasa nisikilize.

Kwa viazi nakuonea huruma, na kwa usiku mrefu pia. Lakini unaandika kama mtu aliyepatwa na ajali. Hukupatwa na ajali. Uliachiwa moto, ukauzima. Uliyajua yale mawe, ukayatoa. Mwenzako akauliza jambo la maana, ukamcheka mbele ya fundi. Simenti ingevumilika, mzee. Kicheko ndicho kilichomtoa.

Mbuzi mwache ale majani. Wazee nao waache, watakunywa pombe yako na kurudi na maneno ya mahari. Vunja sakafu hiyo. Si Simioni, wewe, na kigoda kiweke mbali. Mawe ukiyatoa yaoshe, wala usiyapange popote, maana mwenye kuyapanga si wewe. Kisha vuka mto pamoja na huyo Simioni, kwa sababu aliyekuwepo ukicheka anapaswa awepo ukiomba msamaha. Sema ulichofanya, chote, mbele ya ndugu zake. Ukihisi utani unakuja, ung'ate ulimi kwa hayo meno tisa.

Akikubali, yeye ndiye atakayesema mafiga yakae wapi, hata akitaka jiko la matofali libomolewe. Akikataa, rudi nyumbani, kisha uende tena. Wageni wa Hezekia wanaweza kuoga kwa beseni.

*

Baada ya wiki tano Mzee Kisyeri ametuandikia tena:

Mshauri, nimevunja. Siku tatu na sululu, na mgongo wangu sasa unanitukana. Mawe mawili yametoka mazima. La tatu Simioni alikuwa amelipasua kwa nyundo ili likae sawa, na mimi nilikuwepo pale kwenye kigoda nikimwambia piga. Vipande vinne. Nimeviosha, nimevifunga katika blanketi langu. Mimi na Simioni tumekwenda mtoni mara mbili, lakini mto umefurika, na mwenye mtumbwi ameuvuta mpaka juu penye majani, hataki hata kututazama.

Kwa hiyo naomba nafasi hapa niseme na shemeji yangu Waitara, kaka wa Nyangi, maana gazeti hili hufika Kenyamonta kwa njia ya Musoma, halingoji mtumbwi, na yeye ndiye huwasomea watu wa nyumbani kwake. Shemeji, unaukumbuka mtungi wa pombe ambao katekista aliukuta chini ya kitanda chako, Pasaka ile ulipokuwa mgeni kwangu. Nilisema ni wangu. Nikatengwa kanisani miezi mitatu, nawe ukaendelea kuimba kwaya. Sijawahi kukuomba kitu kwa ajili ya mtungi ule. Leo naomba. Soma haya kwa sauti wakati Nyangi yuko karibu anapepeta. Usimwombe arudi, wala usinitetee. Ukifika pale pa jiwe lililopasuka soma polepole, usiruke. Halafu niandikie mstari mmoja tu, uniambie kama ungo ulisimama.