Nani Anamlisha Kachori?

Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, mvua inatishia na haishuki. Nimeanua nguo, nimezianika tena, bure tupu. Lakini leo nina furaha, na sababu yake naona haya hata kuiandika. Nitaifikia.

Kwanza mgeni wetu. Wiki iliyopita nilimkuta chini ya ngazi za jengo letu hapa Michenzani, paka mchanga wa rangi ya manjano, analia kwa sauti iliyozidi mwili wake. Nikauliza huku na huku, mama yake hakuonekana. Nikapanda naye juu. Nikamwita Kachori kwa ile rangi yake. Huo uduara wa kachori ya viazi nikasema nitautafuta mwenyewe, maana tumbo lilikuwa limebonyea ndani.

Mama yangu, ninayeishi naye, alimtazama kuanzia masikio mpaka mkia.

"Sie wenyewe twala kwa kubahatisha, weye waniletea mdomo mwengine?"

Kachori alipoanza kuharisha, akanipa mpaka wiki hii iishe. Akiwa bado anaharisha na kuchafua nyumba, nimpeleke sokoni Darajani akajitafutie na wenziwe. Mtoto kama yule, kwenye miguu ya watu na magurudumu ya mikokoteni! Nilijua hamalizi siku.

Na Mama nisimlaumu. Mie nashona madera hapa nyumbani, na mwezi huu wateja wamenisusa. Nilikwenda dukani kuulizia chakula cha paka. Yule paka wa kwenye pakiti ana mashavu kunishinda mie. Nikasoma bei, nikairudisha pakiti taratibu, kama mtu aliyekuwa akipita tu.

Sasa hapo ndipo udadisi ukanishika. Paka wa mji huu wanakula nini hasa? Nimezaliwa nao, wamejaa kila kichochoro, na sijawahi hata siku moja kujiuliza.

Nikaanza na kilichomo ndani, dagaa wakavu. Kachori akawala kwa pupa, halafu akanywa maji, akanywa tena, akaharisha. Nikadhani minyoo. Nikadhani na husuda, nisiseme uongo, maana jirani mmoja alimsifu sana macho. Mwisho nikachukua dagaa mmoja nikamtia kinywani mwangu hivi hivi alivyo, nione mwenzangu anaonja nini.

Lahaula! Chumvi tupu.

Nani hapa kwetu asiyejua kwamba dagaa hawa huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla hawajaanikwa? Wa kula sisi tunawaroweka kwanza, tunamwaga yale maji, ndipo tunapika. Wa paka nikawatupa vile vile sahanini, eti kwa kuwa ni paka. Sijui kwa nini nilidhani ulimi wake na tumbo lake vimeumbwa kwa kitu chengine.

Nikampigia simu rafiki yangu Salma, aliyesomea mifugo. Alicheka kwanza, kisha akaniambia maneno ya maana. Samaki mbichi wa bei yoyote ile, nimchemshe kwa maji matupu: bila chumvi, bila kitunguu, bila tui. Nimtoe miba yote. Siku nyengine ini la kuku, kidogo tu, au nusu ya yai la kuchemsha, asile samaki peke yake kila siku. Nimpe kidogo kidogo mara nyingi, na maji safi yasimpungukie. Maziwa ya ng'ombe asiyaone kabisa, matumbo yao wengi hayayawezi. Na kama haachi kuharisha nimpeleke akamwone, kwani paka mdogo hukauka maji upesi akafa.

Hilo neno la mwisho lilinikaa kifuani.

Basi nikafuata. Alasiri samaki wadogo huuzwa kwa fungu, wauzaji wanataka kurudi makwao, na fungu moja linatutosha sote. Sehemu ya Kachori naipika mwanzo, kwenye sufuria yake, kabla sijagusa bizari. Nimegundua anapenda supu yake iwe vuguvugu. Ikipoa hutikisa mguu mmoja kama aliyekanyaga maji, akaondoka. Fukara lakini ana masharti! Nakaa kumtazama mpaka cherehani inanisubiri.

Na bado akawa anaharisha.

Nikakosa raha. Kila nikimshika, nahesabu mbavu zake kwa vidole. Chakula kizuri kinaingia, na mtoto anazidi kulegea. Nilijua nimempa nini, saa zote. Kipi chengine kinapita hapa?

Jumanne asubuhi nilitoka kwenda kununua uzi. Nilipofika chini nikakumbuka kwamba sikuchukua kipande cha kitambaa cha kulinganishia rangi, nikapanda tena. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama yuko jikoni, amechutama, ana kisosi mkononi. Kwenye kisosi, chai ya maziwa, na harufu ya hiliki imefika mpaka mlangoni. Anaipuliza ipoe, taratibu, kama alivyokuwa akitupulizia sisi.

"Kunywa, mwanangu. Yule anakutesa na maji matupu."

Nilirudi nyuma kimya kimya. Nilicheka kwenye ngazi, halafu kicheko kikakatika. Yule yule aliyenipa muda wa kumfukuza! Na nitamwambiaje? Kwetu humwambii mama yako kwamba mkono wake unadhuru. Mkono ule umenilea mimi.

Nilizunguka nalo mpaka tukakaa kula mchana. Nikasema kwa upole wote nilionao kwamba Salma amekataza maziwa, kwamba hata ya chai yanamharisha, na akiendelea hivi tutampoteza. Sikusema nimemwona. Mama aliacha tonge sahanini.

"Basi mie ndiye niliyekuwa namuua?"

Akanyanyuka akaingia chumbani. Nilijiona mbaya kuliko mtu yeyote hapa Unguja.

Jana asubuhi niliamka nikasikia sufuria. Mama amekwisha kuchemsha samaki. Amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anachambua miba kwa ncha za vidole, na kila kipande anakibonyeza tena kuhakikisha. Kachori yuko mapajani mwake. Hakuniangalia. Akaniambia tu kwamba mie nina haraka, sijui kutoa miba, na tangu leo kazi hiyo niiache.

Nikaiacha.

Na leo, hiyo sababu ninayoionea haya. Baada ya chai nilikwenda kusafisha beseni la mchanga nililomwekea Kachori varandani ajisaidie. Nikasimama. Nikainama nione vizuri. Choo kigumu, cha paka mzima mwenye afya yake. Nikapiga ukelele, Mama akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwonyesha. Akachutama palepale, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Alhamdulillahi," akasema, kama aliyeonyeshwa mjukuu.

Wiki inaisha, na habari ya Darajani sijaisikia tena. Nami siiulizi.