Safari ya Baada ya Eda

Edmonton, London

Dada yangu Zuleikha,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, alhamdulillahi, natumai nanyi huko Wete hamjambo.

Eda ya marehemu shemejiyo nimeimaliza, na mwanetu Afnan kanitoa kunipumzisha. Kakodi gari lenye kitanda na jiko ndani, tukalala pwani, katikati ya mashamba ya zabibu. Wenzetu wanaonja mvinyo, mimi naletewa juisi kwenye gilasi ya mguu mrefu! Nikakandwa mgongo mpaka nikasinzia. Nikamwambia, "Mwanangu, unanidekeza kama bibi harusi."

Unajua huyu siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Safari hii kasema Kiswahili, polepole: "Mama, nimepata kazi Kanada. Nilingoja utoke eda."

Nikamwambia, "Mungu akufungulie, nenda." Kisha nikatoka nje, nikasingizia naanika taulo.

Ataondoka mwezi ujao. Wageni wa msiba hawaji tena, na nikishaswali sina wa kuzungumza naye.

Dada, kile chumba cha uani ulichosema ni changu, bado kipo? Kama mmeshampa mtu, niambie tu. Sitanuna.

Nduguyo akupendaye,
Ummukulthum